Zamu ya Mashavu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji akiona humu kitu anachokifahamu, aamini kwamba aliyekosea ni yeye. Sisi wenyewe tumezoea kukosea. Serikali yetu ina haki nyingi sana, na haki ikiwa nyingi huchosha.

Kwetu kuna watu wa aina mbili, watu wa Maziwa na watu wa Rangi. Mtoto akitimiza siku arobaini, huja ofisa na chupa ya chai na Kikombe cha Taifa. Humimina chai ya maziwa, hushika mkono wa mtoto, huuweka kando ya kikombe na kuangalia. Mkono ukiwa mweupe kuliko chai, mtoto ni wa Maziwa. Atakaa kwenye mabenchi yenye mito na atasoma mpaka achoke mwenyewe. Mkono ukiwa mweusi kuliko chai, mtoto ni wa Rangi, na mama yake huambiwa pole kwa sauti ya heshima. Kisha ofisa huinywa ile chai, kwa sababu serikali haimwagi kitu.

Kipimo hiki ni cha kisayansi. Mwaka wa ukame ng'ombe walikauka, chai ikawa nyeusi, na watoto wengi wa mtaa wetu wakatangazwa kuwa wa Maziwa. Mvua iliporudi walipimwa upya na kurudishwa kwao. Wengine walikuwa wameshazoea mito.

Mimi ni wa Rangi. Jina langu Mashavu. Nilisoma mpaka darasa la tano, kwa kuwa darasa la sita liko ghorofani na ngazi ni za Maziwa. Hakuna aliyetukataza kufika juu. Tulikatazwa kupanda tu.

Mdogo wangu anaitwa Shomari. Siku moja alimpeleka mama zahanati, mama akiwa na homa. Benchi la Rangi liko kwenye upenu unaovuja, na mvua ilikuwa inanyesha. Benchi la Maziwa lilikuwa ndani, kavu, halina mtu. Shomari akamkalisha mama pale.

Mlinzi akaja. "Kijana, hilo benchi unalijua?"

"Ninalijua, mzee. Mama ana homa."

"Sijakuuliza homa. Nimekuuliza benchi."

Shomari akasema mama akikauka kidogo wataondoka. Mlinzi akampiga rungu la kichwa. Lilikuwa rungu la mpingo, la zamani, nalo likavunjika vipande viwili. Mlinzi alikaa chini akalia, maana alikuwa amelipenda sana. Shomari naye alikaa chini, ila yeye alianguka. Polisi walipofika walimwandikia kosa la kuvunja mali ya serikali kwa kutumia kichwa.

Zamani kesi kama hiyo ingesikilizwa na hakimu anayeuliza maswali. Baadaye ikaonekana kwamba maswali huleta majibu, na majibu huleta chuki. Wakati huohuo nchi rafiki zinazotusaidia zilishauri kwamba vijana wetu wasome vitabu kuhusu dhuluma. Serikali ikayaunganisha mambo haya mawili ikaunda Wizara ya Zamu.

Sasa kesi yoyote kati ya mtu wa Rangi na mtu wa Maziwa lazima kwanza iandikwe riwaya ya vijana. Riwaya huwa na wasimulizi wawili, mmoja wa kila upande, wanaopokezana: sura hii huyu, sura ile yule. Kitabu kikikamilika, husomwa mahakamani mbele ya vijana waliogawiwa leso nyeupe. Yule ambaye vijana wanamlilia kitabu kinapoisha, ndiye anayeachiwa huru. Anayebaki na macho makavu juu yake hupelekwa kwenye mashamba ya chumvi.

Mama alipopata nafuu aliniita.

"Wewe ndiye utakayeandika."

"Mama, mimi siwezi kusema mbele za watu. Unanijua."

Ni kweli ananijua. Dukani huwa naonyesha kwa kidole.

"Huko si kusema, ni kuandika," mama akasema. "Unakaa, unainamisha kichwa, kama hapa. Waandikie mpaka walie, Mashavu. Wasipomlilia mwanangu, simwoni tena."

* * *

Wizara ya Zamu ilinipokea vizuri. Nilipewa kiti, na kiti kilipewa jina langu. Mhariri wetu alikuwa Bi Perpetua, mwanamke mwenye miwani ya kamba. Watu walisema alipimwa mwaka ule wa ukame, na waliporudishwa wenzake yeye alisahauliwa. Labda ndiyo sababu alikuwa mkali sana kuhusu mpangilio.

Msimulizi wa upande wa pili hakuwa mlinzi. Mlinzi alikuwa bado anaomboleza rungu. Wakamtafuta kijana wa Maziwa mwenye moyo mpole, wakampata Alfonsi, mtoto wa daktari mkuu wa zahanati. Siku ya tukio alikuwa dirishani anakula embe, akaona kila kitu.

Nilifurahi niliposikia aliona. Nikamsubiri mlangoni.

"Kaka Alfonsi, uliona?"

"Niliona, dada Mashavu. Tangu siku ile sijala embe."

"Pole. Basi utaandika kwamba Shomari hakumgusa mlinzi."

Akafikiri. Ana uso mzuri anapofikiri, na nadhani aliwahi kuambiwa. "Nitaandika jinsi nilivyojisikia nilipoona," akasema.

"Na ulichokiona?"

"Kitakuwemo humo ndani, kwenye kujisikia."

Bi Perpetua akaniambia kwamba nimepewa heshima kubwa, mimi ndiye nitakayeanza. Nilimshukuru. Nilimshukuru mara nyingi, hata ikambidi anikalishe. Baadaye nilielewa kwamba katika kupokezana, mwenye kuanza si mwenye kumaliza. Lakini siku ile nilikwenda nyumbani nikamwambia mama kwamba tumeshaanza kupendelewa.

* * *

Sura ya kwanza niliandika mama alivyotetemeka, upenu ulivyovuja na rungu lilivyovunjika. Bi Perpetua akaisoma huku anatikisa mguu.

"Hasira imezidi. Punguza."

"Sijaweka hasira, Bi Perpetua. Nimeweka mvua."

"Hiyo mvua ina hasira. Halafu nyumbani kwenu hakuna ngoma?"

"Hapana. Kuna redio."

"Bibi je? Bibi anayesimulia hadithi za kale jioni?"

"Bibi yupo. Jioni anasikiliza mpira."

Akavua miwani. "Binti, msomaji akiingia nyumba ya mtu wa Rangi anataka kujua amefika. Mtoe bibi kwenye mpira, mpe ngoma."

Bibi akapewa ngoma. Alipoambiwa aliuliza timu yake imefungwa na nani.

Sura ya pili ilikuwa ya Alfonsi. Alieleza baiskeli yake, chumba chake, na mbwa wake Bruno mwenye sikio moja la kahawia. Alieleza jinsi alivyokuwa hajui kabisa kwamba nchini kuna benchi la Rangi, ingawa alikuwa akilipita kila siku. Ilikuwa sura ndefu na nzuri. Hata mimi nilitaka kujua zaidi kuhusu yule mbwa.

Hapo ndipo nilipojifunza kanuni ya Wizara inayoitwa Uwiano. Maana yake ni kwamba maumivu yakiwekwa upande mmoja, sura inayofuata lazima yawekwe upande wa pili, kwa uzito uleule. Nilipoandika kwamba mama ana homa, katika sura ya Alfonsi Bruno akapata homa. Nilipoandika kwamba Shomari ameshonwa kichwa bila ganzi, Alfonsi aligombana na rafiki yake wa tenisi. Nikaandika kwamba gerezani Shomari analala kwenye sakafu yenye maji. Nikamwonea huruma Alfonsi, nikijua kwamba sasa hatapata usingizi, na kweli hakulala kwa sura nzima.

Kila nilichokisema mimi, yeye alikieleza. Niliandika "benchi", naye akawaeleza wasomaji benchi ni nini, limetoka wapi na linamfanya mtu afikiri nini usiku. Bi Perpetua alisema wasomaji wa Maziwa watamwelewa mtu wa Rangi vizuri zaidi akielezwa na mwenzao, na wasomaji wa Rangi hawahitaji kuelezwa, kwa hiyo sura zangu zinaweza kufupishwa. Zikafupishwa. Ili msomaji asichanganyikiwe, sura za Rangi hupigwa chapa kwa herufi zinazolala upande. Nilipoona ukurasa wangu mara ya kwanza, herufi zote zimeinama, nilidhani mashine imechoka.

Siku moja nilijikaza.

"Bi Perpetua, naomba kuuliza. Hiki kitabu ni cha Shomari?"

"Ni cha vijana wote."

"Ndiyo. Lakini aliyepigwa ni Shomari."

"Na hilo limo. Limo sura ya kwanza." Akainamia karatasi zake, akasema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, "Mashavu, msomaji lazima aondoke na mtu aliyebadilika. Kaka yako hawezi kubadilika, hakufanya kosa. Alfonsi hakusema kitu siku ile, sasa anajuta. Hiyo ndiyo safari. Shomari yuko sakafuni tu, sura baada ya sura. Utamfanyaje?"

Nilimwambia ni mdogo wangu, si kaka yangu. Akasahihisha.

Sura ya mwisho, kama nilivyosema, haikuwa yangu. Humo Bruno alikufa. Alfonsi alimzika chini ya dirisha lile la embe, akajitazama kwenye kioo, akajiomba msamaha, akajisamehe.

* * *

Mahakama ilijaa. Vijana walipangwa mstari mmoja wa Maziwa, mstari mmoja wa Rangi, kila mmoja na leso. Msomaji wa mahakama alikuwa na sauti nene, na ukurasa wangu wa kwanza aliusoma haraka kwa sababu asubuhi ile kipaza sauti kilikuwa kinakoroma. Kiliporekebishwa ilikuwa zamu ya Alfonsi.

Mama alikaa pembeni yangu. Hakuwa anamsikiliza msomaji. Alikuwa anaangalia leso, kama mtu anayeangalia nguo alizoanika wakati mawingu yanakuja.

Leso zilianza kupanda Bruno alipougua. Alipozikwa, hata hakimu alitafuta yake. Binti mmoja wa mtaani kwetu, Chausiku, ambaye kaka zake wawili wako kwenye chumvi, alilia mpaka akatolewa nje kupunga upepo. Nilimkuta nje baadaye.

"Chausiku, hata wewe?"

"Nisamehe, dada. Nilijibana kwa ajili ya Shomari wenu. Lakini yule mbwa alikufa vibaya."

"Ni kweli."

"Shomari tumezoea," akasema, akapenga kamasi. "Mbwa sijazoea."

Hakimu akasoma hukumu. Alisema mahakama imeyaona machozi na imeridhika. Alfonsi ameachiwa huru kutoka katika kifungo cha moyo wake. Shomari, kwa kuwa hakupata leso, atakwenda kwenye mashamba ya chumvi mpaka hasara aliyoisababisha iishe. Mche wa mpingo umeshapandwa nyuma ya mahakama. Mche ukikua kiasi cha kutoa rungu jipya, atarudi.

Mama aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mpingo hukua muda gani?"

Nilimwambia sijui. Sote tunajua. Watu huupanda kwa ajili ya wajukuu wa majirani zao.

* * *

Hukumu kwetu lazima itekelezwe ilivyosomwa. Mahakama imemwachia huru Alfonsi, na mtu hawezi kuachiwa kama hayumo. Ikapangwa sherehe. Alfonsi ataingizwa gerezani asubuhi, na baada ya chai atatolewa kwa heshima, kwaya ikiimba.

Chumba kizuri cha gereza, ambacho hakina maji sakafuni kama mtu akifagia, kilikuwa cha Shomari na wenzake. Wenzake wakahamishiwa jikoni. Shomari alikuwa wa kusafirishwa siku ileile, kwa hiyo wakamtoa nje ya geti asubiri lori, chini ya turubai la wageni, ili kigogo atakayehutubia amwone na asikitike kidogo. Askari aliyemlinda alimwambia, "Kaa hapo kwa mama yako, usinisumbue, nataka kuona kwaya." Mama alikuwa na hotipoti ya wali. Akamlisha kwa mkono wake, kama mtoto.

Alfonsi akatoka getini. Alikuwa amevaa suti. Alizungumza vizuri sana. Alisema gerezani amejifunza mengi, na kwamba anawashukuru watu wa Rangi wote kwa kumpa nafasi ya kuumia pamoja nao. Akaniangalia, akashika kifua. Naamini alimaanisha. Hilo ndilo linalochosha, kwamba siku zote humaanisha.

Ikawa zamu yangu. Mshereheshaji akaniletea kipaza sauti. Baada yangu lilibaki jambo moja tu, kufunga sherehe, na sherehe ikifungwa lori linaondoka.

Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilitaka kusema kwamba Shomari hakuvunja kitu, kwamba anapenda kupiga mluzi akioga, kwamba akipewa nyama kubwa humwekea bibi nusu. Nikafungua mdomo. Watu walikuwa wengi mno. Ulimi ukakauka, nikabaki nimesimama kama nguzo ya umeme.

"Zungumza, binti," akasema mshereheshaji. "Usiogope. Ni zamu yako."

Nilitaka. Haki ya Mungu nilitaka, lakini sauti haikuja. Kwaya ikaimba tena kunipa moyo. Kigogo akaangalia saa. Dereva wa lori akazima injini ili asimalize mafuta. Mshereheshaji akamwendea Bi Perpetua, nikawasikia.

"Tufunge tu, Bi Perpetua. Huyu hasemi."

"Huwezi kufunga. Zamu ya mtu hairukwi."

"Hata ya mtu wa Rangi?"

"Hasa ya mtu wa Rangi. Wageni wako hapa. Ukiruka zamu moja, kitabu kizima ni batili, na vitabu vyote vilivyotangulia watu watavifungua upya." Akaangalia upande wangu kupitia ile miwani ya kamba, muda mrefu kidogo kuliko alivyohitaji. "Hatuwezi kusonga mbele mpaka aseme."

Nikageuza shingo. Shomari alikuwa bado nje ya geti, mdomo umejaa wali.

Sauti yangu ikarudi wakati uleule. Niliisikia ikifika kooni, imara, na maneno yote yamejipanga nyuma yake. Nikafunga mdomo.

* * *

Sherehe ile haijafungwa mpaka leo. Jioni ile kigogo alitangaza mapumziko mafupi, kila mtu aende alale, asubuhi turudi nimalizie. Kila mtu ni kila mtu, kwa hiyo Shomari naye akaja kulala nyumbani, na askari wake akamsindikiza. Asubuhi tukarudi, nikashika kipaza sauti, tukapewa mapumziko. Turubai limetoboka na kwaya imebaki na mwimbaji mmoja, mwenye mafua. Alfonsi huja pia, kwa kuwa bila yeye sherehe haina mwachiwa. Amekonda. Anaandika kitabu kuhusu kunisubiri.

Tatizo ni kwamba Wizara imetangaza kuwa neno lolote nitakalolitoa, popote, litahesabiwa kuwa hotuba yangu. Kuandika ninaruhusiwa. Wizara ilishaamua zamani kwamba kilichoandikwa na mtu wa Rangi hakihesabiwi kuwa amesema. Lakini kusema, hata kuomba chumvi mezani, ni kufunga sherehe. Nimepewa ofisa, Bwana Ndimbo, anayenifuata sokoni, kisimani na uani, kalamu mkononi, akisubiri nisahau. Juzi nilijikwaa kidole kwenye jiwe la kufulia. Akasogea haraka. Niliuma mdomo mpaka nikaonja damu, naye akarudi nyuma, akasema pole. Si mtu mbaya. Amechoka kama mimi. Wakati mwingine nikipepeta mchele hunisaidia kutoa mawe.

Bibi anasema sasa mpira unasikika vizuri. Mama haniombi niendelee, wala haniombi niache. Hunipikia uji laini, kana kwamba kunyamaza kunaumiza koo, na kweli kunaumiza. Sijamwita mdogo wangu kwa jina tangu alipotoka. Anapita mbele yangu na kovu lake kichwani, anapiga mluzi, anapasua kuni, na mimi ninayemjua tangu akiwa mgongoni mwangu siwezi kumwambia hata neno "karibu".

Asubuhi huja jikoni kabla hatujaanza safari ya kwenda getini. Bwana Ndimbo huwa amekaa kwenye kizingiti na kalamu yake. Shomari huchuchumaa karibu na jiko, ninapopuliza moto.

"Shikamoo, dada," husema.

Hunipa nafasi, nami napuliza moto. Kisha hujibu mwenyewe, kwa sauti nyembamba anayodhani ni yangu:

"Marahaba, Shomari. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

Bwana Ndimbo hutazama kalamu, hutuangalia sisi wawili, halafu huirudishia kifuniko chake.